Maji ya Wageni

Habari zilitufikia kanisani. Jumapili hiyo, tulipokuwa tunaimba wimbo wa mwisho, jumbe wa kijiji chetu alisimama mlangoni akatungoja. Alikuwa Mwislamu, mtu wa heshima, na siku hiyo alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Tulipomaliza, mwinjilisti alimkaribisha aseme neno.

"Wageni wanakuja," alisema jumbe. "Si Mwingereza. Mwingereza tumemzoea. Wanakuja watu wa mataifa."

Akaeleza kama alivyoelezwa na Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Ng'ambo ya bahari kulikuwa na mkutano mkubwa, ambamo mataifa yalikaa pamoja kuzungumza jinsi nchi zenye vingi zitakavyosaidia nchi zenye vichache, na jinsi Tanganyika yetu inavyolelewa na Mwingereza. Safari hii wajumbe walikuwa wamesema wamechoka kusikia habari zetu kwa karatasi. Walitaka kutusikia sisi wenyewe. Basi asubuhi moja mkutano ungekaa kwetu, kwenye uwanja wa baraza, nje ya mji wa Singida upande wa Mandewa.

"Watauliza tunataka msaada gani," alisema. "Kwa hiyo mfikiri. Na mfagie."

Kufagia tulifagia. Kufikiri, sisi wanawake hatukuhitaji. Ziwa letu ni la chumvi, na visima tulivyochimba karibu na nyumba vilikuwa vya chumvi vilevile. Maharage yaliiva upesi kwa maji yale, hilo nalishukuru, lakini chai ilikuwa kama mchuzi, na mtoto ukimpa uji anakutazama kana kwamba umemkosea. Maji matamu yalikuwa chemchemi moja tu, mbali, kule kwenye majabali. Ukitoka na mtungi kabla ya jua, unarudi jua likiwa kichwani. Mama mkwe wangu magoti yalikuwa yamekwisha kukataa safari ile. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, nikaenda siku nilizoweza, na siku nyingine zote mama yule alikunywa chumvi bila kunung'unika. Tulitaka kisima kimoja tu, kirefu, huko juu penye udongo mwekundu, ambapo wazee walisema maji ya chini ni matamu. Lakini huko kuna mawe, na mawe yale hayaogopi jembe. Tulihitaji baruti, saruji na pampu ya mkono.

Wanawake walikutana nyumbani kwetu wakanichagua mimi niseme. Nilikuwa nimesoma shule ya wasichana ya misheni, nasoma Neno kanisani kila Jumapili, na sauti yangu haitetemeki. Hivyo ndivyo walivyosema. Nami niliamini.

Siku zilizofuata kijiji kizima kilipagawa. Sijui neno jingine. Watu walipaka tembe zao udongo mweupe, na aliyekosa udongo alipaka majivu. Njia ya ng'ombe ilifagiliwa, ng'ombe wakapita, ikafagiliwa tena. Upepo wa Singida mnaujua. Ulirudisha kila kitu mahali pake, nasi tukafagia tukicheka. Kwaya ya kanisa ilitunga wimbo wa kuyakaribisha mataifa, na jirani zetu Waislamu wakaona si haki sisi kuimba peke yetu, wakaja mazoezini. Mwalimu wa kwaya aliuliza mataifa yenyewe ni yapi, ayataje katika ubeti. Hakuna aliyejua. Basi tuliimba tu "mataifa, mataifa" mara nyingi, na kwa kweli ilipendeza.

Wazee walibishana kuhusu kuku. Mmoja alisema wageni wa namna ile hawali miguu ya kuku. Mwingine akasema, "Wewe umewaona wapi?" Akajibu, "Sijawaona, lakini mtu anayevaa soksi hali mguu."

Kisha likaja suala la chai, na hapo jumbe hakuwa na mzaha. Kwetu, mgeni hapewi unachokula wewe. Anapewa kizuri kuliko ulicho nacho, na haambiwi kimetoka wapi. Ukimwambia mgeni jinsi ulivyohangaika kumpata kuku, umemhesabia nyama mdomoni, afadhali ungemnyima. Kwa hiyo jumbe aliamuru kwamba chai ya mataifa itapikwa kwa maji ya chemchemi, na wanawake wote wenye nguvu waende kuyateka.

Tulikwenda kama watu wanaokwenda harusini. Njiani kurudi niliwasomea hotuba yangu, mtungi uliojaa ukiwa kichwani, na wenzangu walijifanya wageni. Mmoja alitembea kwa kujikaza mgongo akaniuliza kwa sauti ya puani, "Mama, wewe nataka nini?" Nilicheka mpaka mtungi ukayumba, wakanipigia kelele, "Maji ya mataifa! Usimwage mataifa!" Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeona tunachokifanya. Tulikuwa tunabeba vichwani mwetu maji yale yale ambayo yangetuharibia shauri.

Wageni walifika kwa magari mawili na vumbi la magari kumi. Walikuwa wanne, waliotumwa kwa niaba ya wenzao. Kiongozi wao alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, mwenye kuinama kila alipomsalimu mtu. Wa pili alikuwa mama wa Kizungu mwenye kofia pana, aliyeishika kwa mkono mmoja kutwa nzima kwa sababu ya upepo. Wa tatu alikuwa mtu mfupi, mcheshi, kutoka nchi za Asia wanakolima mpunga. Na wa nne alikuwa mweusi kama sisi, mwili mkubwa, suti ya kijivu, aliyezaliwa katika visiwa vya mbali sana. Bwana Shauri alikuja nao, pamoja na mkalimani, kijana wa mjini aliyejua Kiingereza na aliyevaa tai.

Yule wa visiwani ndiye aliyetumaliza. Vikongwe walimkazia macho. Mama mkwe wangu alikwenda moja kwa moja mbele yake, akamsalimu kwa Kinyaturu. Mgeni akatabasamu. Mama akamsalimu tena, kwa sauti kubwa zaidi.

"Mama," alisema mkalimani, "huyu hajui lugha yetu. Anatoka ng'ambo."

"Ng'ambo alikwenda kufanya nini?"

"Alizaliwa huko, mama."

"Na wazee wake je?"

"Na wao walizaliwa huko."

Mama mkwe alimtazama mgeni toka viatu mpaka nywele. "Uso huu ni wa ukoo wa shemeji yangu," alisema. "Mwambie alichelewa kurudi, lakini hatumgombezi."

Mkalimani akafasiri. Mgeni yule akatoa kitambaa, akafuta macho, na nilifikiri ni vumbi. Kisha akainama akamshika mama mkono kwa mikono yake miwili, na tangu hapo kila alipokwenda alimwacha mama akae karibu naye.

Kwaya ikaimba mataifa, mataifa. Wakapewa viti. Ikaletwa chai, pamoja na karanga, viazi vitamu na asali. Nilisimama pamoja na wanawake wenzangu nikiangalia nyuso zao kama mpishi anavyoangalia. Yule mrefu alionja, akafumba macho. Alikunywa kikombe chote, akaomba kingine. Mtu wa Asia alikunywa vitatu. Tuligusana viwiko kwa furaha.

Ndipo mkutano ukafunguliwa. Yule mrefu alisimama, akasema maneno mazuri kuhusu undugu wa mataifa, na kwamba hawakuja kufundisha bali kusikia. Akamgeukia jumbe. "Tuambieni ninyi wenyewe," mkalimani alifasiri. "Mna shida gani?"

Jumbe akasimama, akaweka sawa kanzu yake. "Hatuna shida," alisema. "Sisi wazima. Ng'ombe wazima. Watoto hawajambo. Tunashukuru mmefika."

Akafuata mzee wa upande wa kanisa. "Sisi hatujambo kabisa. Mungu ametuweka. Hatuna neno."

Na wa tatu hivyo hivyo, na wa nne. Ninyi mliokulia huku hamtashangaa. Mtu akikuuliza habari, unasema njema. Hata kama nyumba iliungua jana, unasema njema kwanza, mnakaa, mnakula, mnaulizana habari za mvua, halafu ndipo unasema "ila". Mambo yote ya kwetu yamo ndani ya ila. Wazee wetu walikuwa wanasalimia tu. Walikuwa bado hawajafika kwenye ila. Lakini wageni walikuwa na vijiji vingine vya kufika siku ile ile, na walidhani wamekwisha kujibiwa. Niliwaona wakitazamana. Bwana Shauri uso ulimng'aa kama mtu aliyesifiwa watoto wake.

Zamu yangu ikaitwa. Nilisimama. Kabla sijafungua kinywa, yule mrefu aliinua mkono kwa adabu, akaomba aseme kidogo kabla ya mama kuzungumza.

"Anasema," mkalimani alifasiri, "anashukuru sana kwa chai. Anasema tangu waingie Tanganyika hawajakunywa maji matamu kama ya kijiji hiki. Walikuwa wameambiwa upande huu una taabu ya maji. Sasa wameonja wenyewe, wamefurahi kuona si kweli. Basi habari ya maji wataipeleka kwa vijiji vingine vyenye shida zaidi."

Watu wakapiga makofi. Ndiyo, walipiga makofi! Mgeni amesifu chai, utafanyaje? Jumbe alipiga makofi huku macho yamemtoka. Mimi nilibaki nimesimama, hotuba yote imenijaa kifuani, na kila neno lake lilikuwa la maji. Nikisema maji yale yalitoka mbali, nimemhesabia mgeni chai yake mbele ya wenzake, na nimemwaibisha jumbe. Nikinyamaza, kisima kimekwenda. Niliomba moyoni, "Bwana, nipe neno." Na neno lililotoka kinywani mwangu lilikuwa, "Karibuni tena."

Nikakaa.

Wenzangu nyuma yangu wakasogea karibu. Kisha nikafinywa.

"Karibuni tena?" mmoja alinong'ona. "Tulikutuma useme karibuni tena?"

"Amesoma misheni miaka yote ile aseme karibuni tena!"

"Niacheni," nilisema. "Ninyi mngesema nini?"

"Tungesema kwaherini, ni fupi zaidi."

Sijui kicheko kilitoka wapi. Shauri limeharibika, wageni wanakunja karatasi zao, nasi mabega yanatutikisika chini ya khanga kama watoto katikati ya mahubiri. Nilikuwa na machozi, na mpaka leo siwezi kusema yalikuwa ya nini.

Wageni waliinuka. Dereva akaja kumwambia mkalimani kwamba rejeta ya gari imekauka na chupa za maji za wageni ni tupu, na safari iliyobaki ni ndefu. Wanaomba maji.

Jumbe alinitazama. Mimi nilitazama mitungi. Maji ya chemchemi yalikuwa yamekwisha. Mtu wa Asia alikuwa amekunywa vitatu. Nilimwendea mama mkwe, ambaye alikuwa bado amekaa karibu na mgeni wa visiwani, nikainama sikioni mwake.

"Mama, wageni wameomba maji."

"Wapeni."

"Hakuna, mama. Yamebaki ya chumvi tu."

"Mwanangu," alisema, bila kushusha sauti, "sikukuuliza ladha. Mgeni ameomba maji, na nyumba ina maji. Nyumba yenye maji ikisema haina, hiyo ni adabu ya nani?"

Nilimwelewa. Kumpa mgeni kilicho bora ni adabu. Lakini kumnyima mgeni aliyeomba, hilo kwetu halifanyiki kabisa, hata kama ulicho nacho ni kibaya. Wala hukumwambia lolote; umempa tu. Nikaenda nyumbani mbio, nikachota kwenye mtungi wetu wa kila siku, nikarudi na kibuyu na kata safi. Nikapiga magoti, nikampa kwanza mgeni wa visiwani. Yule mrefu naye akapokea ya kwake kutoka kwa mama mkwe.

Mtu wa visiwani alimeza funda moja, akaitazama kata. Lakini yule mrefu alikuwa na kiu, alikuwa amekunywa kwa imani yote, akajaza mashavu. Hakuweza kumeza. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu nyingi, hakuweza kutema mbele ya mama mzee aliyempa. Akabaki hivyo, mashavu yamevimba, macho yanazunguka, akimtazama Bwana Shauri kama anayeomba ruhusa. Uwanja wote ulimtazama. Hata upepo, naweza kusema, ulingoja.

"Meza, baba," mama mkwe alimwambia kwa upole. "Ukizoea hayana shida."

Akameza. Tuliyaona yakishuka. Akatoa sauti ambayo sijaisikia tena duniani, na mtu wa Asia akaanza kucheka, akashika tumbo, na hapo kicheko kikavunja boma. Jumbe alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Wazee waliegemeana. Mama wa Kizungu aliachia kofia yake ili ajifute macho, upepo ukaichukua, na kwaya nzima ikatimua mbio kuikamata. Bwana Shauri ndiye aliyekuwa wa mwisho kucheka, lakini alicheka.

Mgeni wa visiwani alingoja kelele zipungue. Akauliza, na mkalimani akafasiri, "Mama, haya ni maji gani?"

"Maji yetu," alisema mama mkwe.

"Na yale ya chai?"

"Yale yalikuwa yenu."

Mkalimani alianza kufasiri, akakwama, akatazama chini. Alipofasiri, sauti yake ilikuwa ndogo. Wale wanne walikaa tena kwenye viti vyao bila kuambiwa. Kisha yule wa visiwani akanigeukia mimi. "Yalitoka wapi?"

Sasa nilikuwa nimeulizwa. Mtu aliyeulizwa hahesabii mtu chakula, anajibu. Nikasimama, na hotuba yangu ikatoka yote, mwisho ukatangulia mwanzo, chemchemi na majabali na uji wa watoto na magoti ya mama mkwe, huku wenzangu wakinishangilia kila nikivuta pumzi. Nilipofika kwenye pampu, jumbe hakuweza kujizuia. Akasimama, akasema, "Ila."

Ehe! Ila ilikuwa imefunguliwa. Mzee wa kanisa naye akasema ila. Wale wote waliokuwa wazima asubuhi sasa walikuwa na ila zao, za barabara, za dawa za ng'ombe, za shule isiyo na paa, na mkalimani alilegeza tai yake akafasiri jasho likimtoka. Vijiji vingine vya siku ile vilingoja bure, Mungu anisamehe kwa kufurahi.

Kisha mataifa yakabishana yenyewe kwa yenyewe, mbele yetu. Mtu wa Asia alitaka bwawa, kwa kuwa kwao walikuwa na mabwawa. Yule mrefu alitaka kwanza waje wataalamu wapime. Mama wa kofia aliuliza kwa nini maji yanabebwa na wanawake tu, na swali hilo mkalimani alilifasiri kwa sauti ya chini sana, lakini tulilisikia, na wanaume wetu wakaanza kutazama mawingu. Mgeni wa visiwani alisema wamwulize mama. Mama mkwe alisema, "Wazee wanajua kisima kikae wapi. Wanaume wetu wana mikono. Kinachowashinda ni mawe. Tusaidieni mawe."

Mbele ya mataifa yale, Bwana Shauri hakuwa na pa kutokea. Alisema saruji, baruti na pampu vitaletwa, nasi tutoe nguvu zetu.

Wageni walikwenda zao kuendelea na mkutano wao. Tulingoja. Masika yalikuja, kiangazi kikaja, masika tena. Waliochoka kungoja walinitania wakiniona njiani, "Karibuni tena, mama!" Nilikuwa nikiwaombea, maana subira nayo ni kazi, na mimi nilikuwa na kazi hiyo kila siku nikiwa na mtungi kichwani. Halafu lori likaja kutoka mjini, likiwa na mifuko ya saruji na pampu iliyofungwa kwa magunia kama mgonjwa. Wanaume walichimba, baruti ikalia kwenye mawe, na Waislamu na Wakristo walipokezana sururu, kila upande ukidai ndio uliofikia maji.

Siku ya kufungua, jumbe alisema asinywe mtu kabla ya mama mkwe. Alikuja akitembea polepole, mkono wake begani mwangu. Nilimpampia mwenyewe. Pampu ililia, ikakohoa, ikatapika tope kidogo, kisha yakaja safi, baridi, yanang'aa. Nikamjazia kata.

Alikunywa yote. Akalambalamba midomo, na kijiji kizima kikamtazama. Wengine walikuwa wamekwisha kuanza kulia.

"Mbona haya hayana kitu?" alisema.

"Ni matamu, mama," nilisema. "Ndivyo yalivyo."

"Hayana kitu kabisa." Akanirudishia kata. "Jaza tena. Labda kitu chenyewe kiko chini."